Daftari la Ubatizo

Katekista Opwora hakuwa mtu wa kupendeka upesi.
Alituchapa rula vidoleni tukiruka amri ya sita,
alikuwa na deni la sukari dukani kwa Mama Njambi,
na kigugumizi: neno "Baba" lilimkwama
kama gogo kwenye msumeno wa kiwanda,
B-B-B, hadi sisi watoto wa nyuma
tumalize sala nzima, yeye angali mlangoni pa neno.

Usiku walipokuja kulikuwa na ukungu wa Elburgon,
ule unaoingia ndani bila hodi na kukaa kitini.
Tulikuwa arobaini na wawili chumba cha sakristia,
juu ya magunia ya viazi,
mama ameniziba mdomo kwa leso yenye harufu ya pareto.
Sitataja walikuwa watu wa wapi.
Walikuwa watu wa hapa.
Mmoja wao nilikijua kikohozi chake.

Walitaka daftari la ubatizo.
Humo mna kila kitu: jina, jina la baba, kijiji alikotoka babu.
Mwenye panga na daftari hilo
hahitaji kuuliza njia.
Wakammulikia tochi. Wakamwambia: Soma.

Nikasikia ukurasa ukifunguliwa.
"Opwora, Pankrasi."
Ukurasa wa pili.
"Opwora, Pankrasi."
Wa tatu. Wa nne. Kwanza walicheka.
Wa tisa, hakuna aliyecheka.
Na masikio yangu ni shahidi: hakugugumia.
Jina lilitoka nyoofu, kavu, kama ubao uliopigwa randa,
mara ishirini na tatu. Nilihesabu kwa vidole
vilevile alivyovichapa.
Ya ishirini na nne haikufika mwisho.

Kisha honi ya lori la mbao barabarani,
na miguu ikikimbia. Mlango wetu haukuguswa.

Baadaye padri mgeni alihubiri kwamba damu huota.
Mimi ndiye niliyepiga deki. Haikuota.
Ilinata, na maji ya Elburgon ni baridi,
na doa lingali pale chini ya zulia,
mniwie radhi.

Jumapili ya kwanza tulikuja saba.
Ya pili, watano. Mvua ya mawe ilikuwa imetoboa mabati,
na imani nayo ilivuja.
Kama mnatafuta muujiza, nendeni kwingine:
kilichotokea kilikwenda chini kwa chini, kama viazi.
Mama Njambi alilipigia mstari deni la sukari,
akaandika kando: Amelipa.
Wiki iliyofuata akawafungulia dirisha
hata wale aliokuwa ameapa kutowauzia chumvi.

Mwaka wa nane, nikiwa karani wa parokia,
kikohozi kile kikaingia ofisini.
Amebeba mtoto ndani ya blanketi.
"Mimi ndiye niliyeshika tochi," akasema,
akanyamaza muda wa kutosha rozari nzima.
"Polisi nimekwenda mwenyewe. Jumatatu wananichukua.
Kabla ya hapo, huyu abatizwe. Aitwe Pankrasi."

Mkono wangu ulikataa.
Nilimdanganya kuwa kalamu imekauka.
Akatoa yake mfukoni,
akaiweka mezani, akangoja.
Nikaandika. Sikuandika kwa msamaha;
msamaha ulinikuta miaka baadaye, jikoni, nikimenya viazi,
wala haukubisha hodi.

Leo sokoni ukiita "Pankrasi!"
vichwa vinageuka pande zote mbili za barabara,
ile iliyokuwa mpaka.
Mmoja ni fundi wa redio. Mmoja msichana, usishangae,
mama yake alishikilia jina hilohilo.
Mmoja anauza soksi, na ana kigugumizi.

Jana nilipangusa vumbi daftari, nikalifungua popote.
Jina lile.
Nikageuza ukurasa.
Jina lile.

Kumbe Opwora hakuwadanganya usiku ule.
Alisoma mbele kidogo
ya pale sisi tulipokuwa tumefika.